Chad Mjamzito: Mafunzo Niliyopata kwa Kufuatilia Maneno Mapya ya Kiingereza

Novemba 2000 nilikuwa na miezi minne kazini, nikitafsiri habari za kimataifa katika kituo kimoja cha redio jijini Dar es Salaam. Karatasi inatoka mashineni ikiwa na Kiingereza, unaigeuza Kiswahili, inasomwa saa mbili usiku. Wiki ile Wamarekani walikuwa wamepiga kura na hawajui nani kashinda. George W. Bush na Al Gore waling'ang'ania jimbo la Florida, na kila karatasi iliyotoka ilikuwa na neno "chad". Kulikuwa na chad zinazoning'inia, chad zilizobonyea, hata chad wajawazito. Kamusi yetu ya ofisini, ambayo jalada lake lilishachukuliwa na mwenye shida nalo, haikuwa na neno hilo. Chad niliyoijua mimi ni nchi, mji mkuu N'Djamena. Nikajiambia huenda kuna kura za Wamarekani waishio huko. Usiku ule taarifa ikasomwa kwamba maofisa wa Florida wanaendelea kuhesabu "kura za kutoka Chad".

Asubuhi yake mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akapiga simu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, wala hakugomba. Aliuliza tu: "Mwanangu, hawa Wachadi wameingiaje Florida?"

Nilikuja kujua baada ya siku mbili. Chad ni kile kipande kidogo cha karatasi kinachodondoka unapotoboa kadi. Kadi nyingi za kura za Florida zilikuwa za kutoboa. Kipande kisipodondoka, mashine inaweza kuiruka kura. Kikibaki kimeshikilia kwa pembe, kinaning'inia. Kikivimba bila kutoboka, ni mjamzito. Bush alitangazwa mshindi wa jimbo lile kwa tofauti ya kura 537, na American Dialect Society, chama cha wanaokichunguza Kiingereza cha Amerika Kaskazini, kikalichagua chad kuwa neno la mwaka. Mimi nikaenda Kariakoo kununua kaunta buku.

Sasa niko kwenye kaunta buku la tano. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Tarehe kwanza, maana baadaye

Daftari la kwanza nililipanga kama la mwanafunzi wa kidato cha kwanza: neno upande huu, maana upande ule. Baada ya miaka mitatu likawa halina faida. Niliandika "blog", mbele yake "shajara ya kwenye intaneti". Nililiona lini? Nani alilitumia, akimwambia nani? Daftari kimya.

Kilichonizindua ni kusoma jinsi kamusi kubwa ya Oxford ilivyotengenezwa. Mwaka 1879 mhariri wake mpya, mwalimu wa shule aitwaye James Murray, alitoa wito kwa wasomaji wa Kiingereza popote walipo wamsaidie. Walichotakiwa kuleta ni vipande vya karatasi. Kila kipande neno moja, na chini yake sentensi nzima kama ilivyokutwa, mwandishi, kitabu, ukurasa, mwaka. Murray alijenga banda la mabati uani kwake, akalijaza rafu za vijishimo, na vipande vikamiminika kwa mamilioni. Alifariki 1915, kamusi ikakamilika 1928.

Kumbuka kwamba hakuwaomba watu wamletee maana. Maana ilikuwa kazi yake na wasaidizi wake, wakiichota kwenye zile sentensi baada ya kuzipanga kwa miaka. Nami miaka mitatu nilikuwa nahifadhi maganda na kutupa ndizi.

Tangu daftari la pili nina safu tano: neno, sentensi nzima, nani kasema au wapi limeandikwa, tarehe, na "mara ya pili". Safu hii ya mwisho haijazwi mpaka nilisikie neno lile tena kwa mtu mwingine, mahali pengine. Maneno mengi safu yao ya tano ni tupu hadi leo. Sampuli moja, kama ilivyo daftarini: "unfriend. 'Mimi nishamu-unfriend zamani.' Kijana, daladala la Mwenge–Posta, anaongea na simu. 14/3/2011." Neno hilo kamusi ya Oxford ya Marekani ilikuwa imelitangaza neno la mwaka 2009. Mimi nilikuwa bado nalitafutia Kiswahili chake cha kistaarabu, kumbe kijana kwenye daladala ameshalivalisha kiambishi cha nafsi, cha wakati na cha mtendwa, na abiria mwenzake wala hakugeuka kumtazama. Kama ningeandika maana tu, "kumwondoa mtu kwenye orodha ya marafiki", hiyo habari yote ingepotea.

2. Neno jipya la hatari ni lile unalolijua tayari

Hili lilinigharimu. Mwaka 2016 nilikuwa nimehamia gazeti fulani, mhariri wa zamu ya usiku. Ikaja habari kutoka Kenya: wanafunzi wa darasa la kwanza wa shule za serikali wanaanza kugawiwa "tablets". Kijana aliyeitafsiri alikuwa hodari lakini amechoka, nami nilikuwa hodari wa kuchoka. Asubuhi tukatoka na kichwa cha habari kwamba watoto wa Kenya wanagawiwa vidonge.

Msomaji wa kwanza kupiga simu aliuliza ni vya minyoo au vya kichocho. Swali zuri, maana shuleni kwetu vidonge vinavyogawiwa huwa ni vya hayo magonjwa mawili.

Chad lilinikaba koo, nikajua nimemeza kitu nisichokijua. Tablet, kumbe kompyuta bapa ya kushika mkononi, lilipita kama uji. Hapo ndipo mfuatiliaji wa maneno mapya anapojikwaa: macho yake yako kwenye maneno yenye sura ngeni, na upya unapita chini ya pua yake ukiwa umevaa kanzu ya zamani. "Cloud" lilikuwa wingu la mvua, likawa mahali pa kuwekea mafaili. "Viral" lilikuwa la virusi, likawa la video ya mtu aliyeanguka harusini. "Troll", jitu la hadithi za Skandinavia, sasa ni mchokozi wa mitandaoni anayetukana huku amelala kitandani. Kompyuta haiyapigii mstari mwekundu maneno haya, kwa sababu kwa tahajia hayana kosa.

Na si Kiingereza peke yake. Barakoa ilikuwa ya bibi zetu wa pwani, ya kufunika uso, kabla ya 2020 kuipeleka mpaka Mbeya na Bukoba kwa kazi nyingine.

Sasa maneno ya namna hii nayawekea nyota nyekundu. Ndiyo ninayoyaogopa.

3. Upya huwa uko masikioni mwako

Lile chad nililoliona limezaliwa Novemba 2000 lilikuwa likitumiwa na watu wa kadi za kutoboa na tepu za teleksi miongo mingi kabla yangu. Mtaalamu wa isimu Arnold Zwicky aliupa ugonjwa huu jina mwaka 2005: mtu akilisikia neno kwa mara ya kwanza hudhani ndiyo mara ya kwanza duniani.

Mwaka 2024 Oxford walichagua neno la mwaka "brain rot", kuoza kwa ubongo, wakimaanisha hali ya mtu anayeshinda akitazama upuuzi kwenye simu. Nilikuwa nimeshaandika aya mbili za kulaumu vijana kwa kubuni msemo mchafu kama huo. Nikaangalia tarehe kabla ya kupeleka. Limo katika kitabu *Walden* cha Henry David Thoreau, kilichotoka 1854. Nikazifuta zile aya.

4. Hadithi tamu ya asili ya neno, itilie shaka

Chuoni mkufunzi wetu wa uandishi wa habari alituandikia ubaoni: NEWS, yaani Kaskazini, Mashariki, Magharibi, Kusini, kwa Kiingereza chake, kwa kuwa habari hutoka pande zote nne. Tuliinakili sote. Nimewafundisha wengine hivyohivyo, na najua nao wanaendelea kuwafundisha wengine, Mungu atusamehe. Si kweli. Ni "new", jipya, lililotiwa wingi: mambo mapya. Lilikuwapo karne nyingi kabla Waingereza hawajazoea kuunda maneno kwa herufi za mwanzo.

Kuna kipimo changu kidogo. Maelezo ya asili ya neno yakiwa yamekamilika mno, yakikuchekesha, na yakiwa hayana tarehe, weka kalamu chini. Maelezo ya kweli mara nyingi hayana ladha. "OK", neno ambalo kila kabila la dunia limedaiwa kulitoa, msomi Allen Walker Read alilifuatilia mpaka kwenye gazeti la *Boston Morning Post* la tarehe 23 Machi 1839, ambako lilikuwa ufupisho wa utani wa "oll korrect", yaani "sawa kabisa" iliyoandikwa kwa makosa kusudi. Utani wa wahariri waliokosa la kufanya. Nimefanya kazi na wahariri, naamini.

Mara mojamoja ukweli nao huwa mtamu. "Serendipity", bahati ya kukuta jema ambalo hukuwa unalitafuta, lilibuniwa na Mwingereza Horace Walpole katika barua ya tarehe 28 Januari 1754. Alilitoa kwenye Serendip, jina la kale la Sri Lanka. Waliosoma *Alfu Lela Ulela* wanaijua: ndiyo Sarandibu aliyofika Sindbadi. Utamu upo, lakini tazama, na tarehe ipo, na barua ipo, na mwenye barua yupo.

5. Yenye kelele hufa mapema

Neno la kwanza kabisa la mwaka la American Dialect Society, la 1990, lilikuwa "bushlips". Lilimaanisha porojo za wanasiasa, kutokana na Bush mkubwa, baba wa yule wa Florida, aliyewaambia wapiga kura wamsome midomo, hakutakuwa na kodi mpya, kisha kodi zikaja. Umewahi kulisikia? Basi.

Allan Metcalf, aliyekuwa katibu wa chama hichohicho, aliandika mwaka 2002 kitabu kizima cha kukisia neno gani litaishi. Vipimo vyake ni vitano: linatumiwa mara nyingi kiasi gani, linajificha au linajishaua, linatumiwa na watu wa aina ngapi, linazaa maneno na maana nyingine, na kitu chenyewe linachokitaja kitadumu. Hicho cha pili ndicho kilichonibadilisha. Neno linalojionyesha kwamba limebuniwa kwa ujanja, linalomfanya msikilizaji atabasamu, watu hulikonyezea jicho na kuliacha. Linaloishi ni lile linaloingia mlangoni kama mgeni aliyezoea nyumba, avue viatu, akae.

Nimevipitisha vipimo hivi kwenye daftari la pili kwa kalamu nyekundu, na kurasa zingine zimegeuka makaburi. Yale ya utani wa korona, kama "covidiot" kwa mtu asiyejali maambukizi, niliyaandika kwa furaha kubwa mwaka 2020. Safu ya tano ya mengi haikupata kujazwa. "Covid-19" lenyewe, lililotangazwa na Shirika la Afya Duniani tarehe 11 Februari 2020, liliingia kamusi ya Oxford Aprili ileile, na kwetu likaja UVIKO-19 la kwenye nyaraka, huku mtaani watu wakibaki na korona.

Nilikosea vibaya kwa "Brexit". Nililiona mapema, wakati mwenzake "Grexit", la Ugiriki kutoka kwenye sarafu ya euro, lilikuwa limetangulia kwa miezi michache mwaka 2012. Nikaandika pembeni: "Kelele. Halifiki Krismasi." Desemba 2016 likaingizwa kwenye kamusi ya Oxford, na likawa limeshazaa. Nilisahau kipimo cha mwisho: kitu chenyewe kikidumu, hata neno bovu hudumu. Kosa hilo ndilo lililonifundisha kufuatilia pia mikia na vichwa vya maneno, maana "-exit" sasa inajitegemea, kama "-gate" inavyobandikwa kwenye kila kashfa tangu waliovunja ofisi za jengo la Watergate jijini Washington wakamatwe 1972.

6. Tukio moja hulibeba neno lililokuwa limelala

Murray aliliacha "appendicitis" nje ya kamusi kwa ushauri kwamba ni neno la madaktari tu. Juni 1902 kutawazwa kwa Mfalme Edward VII kukaahirishwa siku mbili kabla, kwa sababu mfalme ana kidole tumbo. Uingereza nzima ikalitamka neno lile kwa wiki kadhaa, na kamusi kubwa kuliko zote haikuwa nalo.

Sisi tunalo letu. Kishikwambi, Kiswahili cha ile tablet iliyonigharimu, lilikuwa neno la kuchekwa, la semina za lugha, mpaka makarani wa sensa ya Agosti 2022 walipobisha hodi kila kijiji wakiwa nacho mkononi. Mama yangu, asiyeniuliza jambo lolote kuhusu kazi yangu kwa miaka ishirini, aliniambia kwenye simu: "Wamekuja na vishikwambi vyao, nimewajibu yote." Alitia wingi bila kufundishwa.

7. Kamusi nazo zina mizimu

Hapa nitapita haraka. Kamusi kubwa ya Webster ya 1934, Marekani, ilikuwa na neno "dord", lenye maana ya uzito wa kitu kwa ujazo wake. Halikuwapo duniani. Kipande cha karatasi kilisema "D or d", yaani herufi D kubwa au ndogo kama kifupisho cha neno hilo la fizikia, mtu akaviunganisha. Liligunduliwa 1939, mhariri aliposhangaa neno halina asili. Na huko Oxford "bondmaid", kijakazi, lilikosekana katika kamusi ya kwanza kwa kuwa vipande vyake vilipotea, likaja kuingizwa kwenye nyongeza ya 1933. Tangu nijue haya siyumbishwi na mtu kwa kuniambia "mbona kamusini halimo", wala sinyamazi kwa sababu "kamusini limo".

8. Ukiliona gazetini, wenyewe wameshahama

Desemba 2023 Oxford walitangaza neno la mwaka "rizz": mvuto, uwezo wa kumpata mtu kwa maneno. Nikavutiwa na jinsi lilivyokatwa. Kiingereza hupenda kukata neno na kubakiza kichwa au mkia. Hili limechomolewa katikati ya "charisma", kama "flu" lilivyochomolewa tumboni mwa "influenza". Niliandika makala ya nusu ukurasa, nikampelekea mpwa wangu, yuko mwaka wa pili chuoni.

Akajibu: "Anko, hilo tumeshawaachia nyie."

Nikamuuliza sasa wanasema nini. Akasema hawezi kuniambia, nitaliandika gazetini. Sijapata jibu lake mpaka leo, na kusema kweli namheshimu kwa hilo.

9. Usiwe na haraka ya kulipa neno jina la Kiswahili

Miaka ya mwanzo nilidhani kazi yangu ni kulikimbilia kila neno la Kiingereza na kulibatiza kabla jua halijazama. Daftari limenifundisha kusubiri safu ya tano. Neno ambalo halijasikika mara ya pili halihitaji tafsiri, linahitaji maelezo ya sentensi moja. Ningeandika ile jioni ya 2000 "vipande vya karatasi visivyodondoka kwenye kadi ya kura", nisingempa yule mwalimu sababu ya kupiga simu. Na likidumu, mtaani wataamua: kompyuta ilizishinda tarakilishi na ngamizi, ila barua pepe ikashinda, na hakuna kikao kilichoweza kutabiri matokeo hayo mawili kwa pamoja.

10. Na wao wanatuandika

Mwaka 2022 Oxford waliingiza kundi kubwa la maneno ya Kiingereza cha Afrika Mashariki. Humo mna nyama choma, daladala, na sambaza, ile ya kumtumia mwenzako salio la simu. Si jambo geni: "safari" iliingia Kiingereza katikati ya karne ya 19 kupitia wasafiri kama Richard Burton. Lakini neno haliingii kwa heshima. Linaingia kwa ushahidi uliochapishwa wenye tarehe, na ushahidi wa kwetu mwingi uko kwenye magazeti ambayo hakuna aliyeyatunza. Nimejaribu mwenyewe kutafuta lini hasa kishikwambi liliandikwa kwa mara ya kwanza. Nimekwama.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa wenye mabunda ya magazeti stoo na chini ya vitanda, hasa ya miaka ya 1990 na 2000. Kabla hujamuuzia muuza maandazi kwa kilo, pitia kurasa. Ukikuta barua pepe, tovuti, kishikwambi au neno lolote ambalo wakati ule lilikuwa bado linachekesha, kata ile habari, na tafadhali usiikate sehemu ya juu ya ukurasa. Ndiko tarehe iliko.